Fomu ya Makabidhiano

Mwaka niliovaa kofia ya wanga
gari la wagonjwa lilikuwa na dereva, machela,
na blanketi moja la kijivu lisilokauka.
Dereva ni Mzee Mbwarali. Alijua njia zote,
Kisauni, Changamwe, Mtongwe hadi mwisho wa lami,
na dawa yake ilikuwa moja: mafuta.
Alikanyaga, akasoma Yasini, akafika.
Wengine walifika naye. Wengine walifika wamepoa.

Nasi tulipokea tukiwa wima,
faili kifuani kama mtoto wa kuazima,
tukingoja daktari amalize chai.
Ndiyo, daktari. Mara moja, daktari.
Mgonjwa avuja damu mbele ya macho yangu
nami nnajua, Mungu shahidi, nnajua la kufanya,
na mikono nimeifunga nyuma kama mshitakiwa.

Usiku wa leo simu imelia saa saba na robo.
Sauti ya kijana, na nyuma yake honi ya feri.
"Sista Mejumaa? Chengo hapa. Tumeshapanda, Likoni."
Hakusema njooni. Hakusema tufanyeje.
"Mama, miaka ishirini na tisa, kajifungulia nyumbani, Ng'ombeni.
Kondo limetoka zima, damu haijakoma.
Presha themanini kwa hamsini. Mishipa miwili nimeipata.
Sindano ya kukaza mji, saa saba kasoro dakika tano."
Zamani mwanamume hakuusogelea hata mlango wa leba.
Sasa huyu kapiga magoti katikati ya Kilindini,
kiganja tumboni mwa mke wa mtu,
anasugua, anahesabu, anasugua,
na sakafu inamyumba chini.

"Usiache kusugua," nikamwambia. "Damu naiagiza mimi."
Mimi.
Neno nililitema bila kulitafuna.
Nikapigia maabara, nikaamsha thieta.
Daktari nilimwita mwisho, si kwa dharau;
akakuta kitanda tayari, akauliza,
"Tunaanzia wapi, Sista?"
Swali hilo nimelingoja miaka thelathini na mmoja.
Likaja saa nane kasorobo, sina hata nafasi ya kulifurahia.

Mlango wa Makadara ukafunguliwa kwa teke.
Pajani mwa mama, plasta nyeupe, wino wa bluu:
saa, dawa, kipimo, saa.
Mwandiko wa kuku. Nimewahi kusoma barua za mapenzi
zisizo na huruma ile.

Mama yuko juu sasa, rangi inamrudi midomoni.
Mtoto hana habari, ananyonya hewa.
Chengo yuko bombani anaosha machela
na sasa, kazi ikiisha, ndipo mikono inamtetema.
Mkataba wake ni wa miezi mitatu.
Mshahara wa mwezi jana bado uko njiani,
nao hauna king'ora.
"Sista, ile sindano ya pili, ningempa mapema?"
Nilikuwa na jibu la kumfariji. Nikampa la kweli:
"Ndiyo. Dakika kumi."
Akaliandika kiganjani.

Nami nina fomu hapa, ile ile,
fotokopi ya fotokopi ya enzi za Mbwarali.
Aliyemleta mgonjwa: Jamaa. Polisi. Dereva.
Kisanduku chake hakimo.
Wagonjwa humwita daktari,
walinzi wa getini humwita wewe wa ambulensi,
mamake huko Rabai huwaambia watu mwanangu ni dereva,
na kijana hajui hata kuendesha.
Nimemchorea kisanduku kwa mkono. Hakikunyooka.
Nikaandika: Chengo Mwambire, mhudumu wa dharura,
na kazi zake zote, mpaka ukingoni mwa karatasi.

Chini: Muuguzi aliyepokea.
Mstari wenyewe mfupi, wa mtu wa kusema ndiyo tu.
Jina langu limeuvuka,
limeingia hadi katikati ya nafasi ya daktari.
Nina kifutio mfukoni.
Nimeliacha hapo hapo.